Nimeombwa niunge mkono muswada wa haki za silaha na usalama wa shule. Je, nisaini?

Swali la msomaji:

"Shikamoo. Ninaishi Antioch, hapa Nashville, na nina watoto wawili, mmoja yuko darasa la nane na mwingine la tatu. Jumapili iliyopita baada ya ibada tuligawiwa karatasi inayowataka raia wote wa Tennessee wampigie simu seneta na mwakilishi wao ili wapitishe muswada 'unaolinda haki ya kumiliki silaha na kuzifanya shule zetu kuwa salama'. Wenzangu kadhaa walisaini palepale. Mimi nina grini kadi, bado sijawa raia, na naogopa kusaini nisichokielewa. Mume wangu alinunua bastola mwaka jana baada ya jirani kuvunjiwa nyumba, na anasema tusiposaini tunawaunga mkono wanaotaka kutunyang'anya silaha. Mimi nimesikia kwamba sheria hiyo ikipita kila mwalimu atakuwa na bunduki darasani na wazazi hatutaambiwa. Tangu mwanafunzi alipouawa kwa risasi kwenye sekondari ya hapa kwetu, mwanangu mkubwa hapati usingizi mzuri. Je, nisaini? Na nikipiga simu kusema sikubaliani, nitaharibu maombi yangu ya uraia?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako na picha ya karatasi uliyoiambatisha, na nadhani kinachokusumbua kinazidi saini yenyewe. Umewekewa mambo mawili mazito katika sentensi moja, kwa namna ambayo anayesita kwenye haki ya silaha ataonekana hawajali watoto, na anayeuliza habari za watoto ataonekana anaipinga Katiba. Juu ya hayo unahofia karatasi zako za ukaazi. Nitaanza na hofu hiyo, kwa sababu ndiyo inayowafunga mdomo watu wetu wengi hata pale ambapo sheria inawaruhusu kusema.

Kumpigia simu mjumbe wa Bunge la Jimbo, kumwandikia au kwenda ofisini kwake si kupiga kura. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani yanalinda uhuru wa kusema na haki ya kuiomba serikali irekebishe jambo, na ulinzi huo hauwahusu raia peke yao. Mwakilishi wako anawawakilisha wakazi wote wa eneo lake, wenye kura na wasio na kura, na msaidizi anayepokea simu kwa kawaida huuliza jina na anwani ili ajue kama unaishi ndani ya eneo hilo. Kukuuliza hati ya uhamiaji si kazi yake. Kuunga mkono muswada au kuupinga kwa amani si miongoni mwa sababu za kisheria za kumnyima mtu uraia. Hatari iko kwenye karatasi za kusaini. Yako inaanza kwa maneno "sisi raia wa Tennessee", na nyingine nilizowahi kuletewa husema "mimi mpiga kura niliyeandikishwa". Kujitangaza kuwa raia kabla hujawa ni jambo ambalo sheria ya uhamiaji hulichukulia kwa uzito mkubwa, na fomu ya kuomba uraia inakuuliza waziwazi kama umewahi kudai kuwa raia au kujiandikisha kupiga kura. Siku ya usaili unataka jibu lako liwe "hapana" ambayo haihitaji maelezo. Kwa hiyo simu piga bila woga, lakini karatasi hiyo usiisaini. Wenzako waliosaini wasishikwe na kiwewe, kwani karatasi ya kanisani si daftari la wapiga kura. Ila asiye raia amweleze wakili wake jambo hilo kabla ya kwenda kwenye usaili, asisubiri kuulizwa.

Kitu kingine nilichokitafuta kwenye karatasi yako nikakikosa ni namba ya muswada. Bunge la Tennessee lina wawakilishi 99 na maseneta 33, na kila muswada huwasilishwa mara mbili kwa maneno yaleyale: mmoja katika Baraza la Wawakilishi, ukiwa na herufi HB na namba, na mwenzake katika Seneti, ukiwa na herufi SB na namba. Mtu anayetaka uunge mkono jambo mahususi anaweza kukutajia namba hizo kwa pumzi moja. Asipozitaja, ama hajausoma muswada ama hapendi wewe uusome, na hali zote mbili zinatosha kukufanya urudishe kalamu mfukoni.

Hata ukiipata namba, usiishie kwenye kichwa. Hapa Tennessee kuna desturi ya zamani ambayo wageni wengi hawaijui: muswada unaweza kuwasilishwa Januari ukiwa na kichwa kipana, tuseme "kuhusu usalama wa shule", huku ndani yake kukiwa na kifungu kimoja kinachosogeza mbele tarehe ya kuwasilisha ripoti fulani. Miezi miwili baadaye, siku ya kamati, hutolewa marekebisho yanayofuta maneno yote ya awali na kuweka sheria mpya kabisa chini ya kichwa kilekile. Aliyeusoma Januari amesoma kitu ambacho hakipo tena. Ndiyo maana swali lenye maana ni "marekebisho ya mwisho yaliyopitishwa na kamati yanasemaje?" Majibu yapo kwenye tovuti ya Bunge bila malipo, na kando yake utakuta tamko la gharama, waraka mkavu usio na chumvi unaoeleza nani atalipa. Mimi huusoma huo kwanza. Muswada unaoahidi usalama wa watoto kisha ukaziachia kaunti gharama zote una maana tofauti na ule uliotengewa fedha.

Sasa habari ya walimu. Ulichosikia kina ukweli nusu, na hakihusu muswada ujao, kwa kuwa sheria hiyo imekwisha kupita. Aprili 2024 Seneti iliipitisha kwa kura 26 dhidi ya 5, Baraza la Wawakilishi kwa kura 68 dhidi ya 28, na gavana Bill Lee akaitia saini Aprili 26. Haimlazimishi mwalimu hata mmoja kubeba silaha. Mfanyakazi wa shule anayetaka lazima awe na kibali cha juu cha kubeba bastola, apate idhini ya maandishi ya mkuu wa shule na ya mkurugenzi wa shule wa wilaya kwa kushirikiana na mkuu wa polisi au sherifu, achukuliwe alama za vidole na kuchunguzwa rekodi zake, athibitishwe na mtaalamu wa afya kwamba hana tatizo la kisaikolojia la kumzuia, na kila mwaka ahudhurie mafunzo ya saa 40 ya ulinzi wa shule. Haruhusiwi kuibeba kwenye uwanja wa michezo wala kwenye ukumbi wakati shughuli ya shule inaendelea, wala kwenye kikao cha nidhamu. Mkurugenzi akisema hapana, jambo limekwisha, na wilaya ya shule ya Metro Nashville, ambamo watoto wako wanasoma, ilieleza mapema kwamba inapendelea silaha shuleni zibaki mikononi mwa polisi walio kazini.

Lakini kuhusu usiri umesikia sawasawa. Majina ya walioruhusiwa ni siri, na mzazi ambaye mtoto wake anakaa mita mbili kutoka kwenye bastola hiyo kwa mwaka mzima hana haki ya kujulishwa. Watetezi wanasema kwamba mshambuliaji akijua nani ana silaha atamwanza yeye, na hoja hiyo ina mantiki. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kutaja jina na kusema tu kwamba shule hii imeruhusu. Jimbo la Ohio, kwa mfano, mwaka 2022 lilipitisha sheria yenye masharti mepesi mno ya mafunzo: kiwango cha juu ambacho jimbo linaweza kudai ni saa 24 za mwanzo, wakati hukumu ya Mahakama ya Juu ya jimbo hilo mwaka 2021 ilikuwa imewataka walimu hao wawe na mafunzo ya polisi ya zaidi ya saa 700. Lakini Ohio hiyohiyo inailazimu bodi ya shule iutangazie umma kwamba imeruhusu watu wenye silaha. Kwa hiyo Ohio inadai mafunzo machache na kuwaambia wazazi, na Tennessee inadai mafunzo mengi na kuwaficha. Kama ningekuwa na nafasi ya kuomba badiliko moja tu katika sheria ya hapa, ningeomba hilo la kuwajulisha wazazi, na ningeliomba kwa watetezi wa haki za silaha kwanza, kwa sababu wao ndio wasemao kila siku kwamba serikali isimfiche mzazi jambo linalomhusu mwanawe.

Je, mwalimu mwenye bastola anasaidia? Hapa nakuomba uwe mvumilivu, kwa sababu jambo lenyewe linakwenda kwa dakika na sekunde. Machi 27, 2023, katika shule ya Covenant hapa Nashville, waliuawa watoto watatu na watu wazima watatu. Milango ilikuwa imefungwa, lakini mshambuliaji alikivunja kioo kwa risasi akapita. Polisi walimfikia na kumuua takriban dakika 14 baada ya simu ya kwanza kwa namba ya dharura, 911, na kwa mji mkubwa hiyo ni kasi inayostahili sifa. Wanaotaka walimu wabebe silaha wanauliza: je, katika kaunti ya vijijini, ambako naibu sherifu mmoja huenda yuko upande wa pili wa mlima, dakika hizo zitakuwa ngapi? Ni swali la haki, na anayelijibu kwa dharau hajawahi kuendesha gari kutoka Nashville kwenda mashariki kuelekea milimani. Kwa shule ya namna hiyo naweza kuelewa bodi inayoamua, baada ya kuwasikiliza wazazi wake, kumruhusu mtu mmoja au wawili waliofunzwa vizuri.

Lakini yaliyotokea kwenu Januari 22, 2025 yanaonyesha mpaka wa hoja hiyo. Polisi wawili wa shule walikuwamo ndani ya jengo la sekondari ya Antioch. Kijana wa miaka 17 alifyatua risasi kwenye ukumbi wa chakula, akamuua msichana wa miaka 16, kisha akajiua, na yote yakawa yamekwisha kabla polisi hao hawajafika pale. Mfumo wa kamera uliowekwa kutambua silaha haukuiona bastola yake, kutokana na mahali alipokuwa kuhusiana na kamera. Silaha nzuri mikononi mwa mtu mwema inafupisha umbali kati ya hatari na msaada, haiuondoi. Upande wa pili, inaleta hatari yake ya kila siku: bastola iliyosahauliwa msalani, mkoba uliofunguliwa na mtoto wa darasa la pili, polisi wanaoingia mbio wasijue yupi mwalimu na yupi mshambuliaji. Shirika la RAND, ambalo limepitia tafiti za sera za silaha kwa miaka mingi, halijapata ushahidi wa kutosha kuonyesha kwamba kuwapa wafanyakazi wa shule silaha kunapunguza au kunaongeza madhara. Kwa hiyo mtu anayekuhakikishia kwamba muswada kama huo "utaokoa watoto", au kwamba "utawaua", amekwenda mbele ya ushahidi.

Yako mambo ambayo ushahidi wake una nguvu zaidi, nayo hayatajwi sana kwenye vipeperushi kwa sababu hayapendezi upande wowote. Kituo cha Taifa cha Kutathmini Vitisho, kilicho chini ya Idara ya Usiri ya Marekani (Secret Service), yaani hao wanaomlinda rais, mwaka 2019 kilichambua mashambulizi 41 yaliyofanywa na wanafunzi shuleni kati ya 2008 na 2017. Katika yale yaliyotumia bunduki, takriban robo tatu ya washambuliaji waliipata nyumbani kwa mzazi au ndugu wa karibu. Wote walikuwa wameonyesha tabia zilizowatia watu wasiwasi kabla ya siku hiyo, na wengi walikuwa wamemwambia mtu. Mwaka 2021 kituo hichohicho kilichambua njama 67 zilizozuiwa kabla ya kutokea, kikaona kwamba mara nyingi kilichoziangusha ni mtu mmoja, tena mara nyingi mwanafunzi mwenzake, aliyeona au kusikia kitu akasema. Ukiunganisha mawili hayo utaona kwamba kazi kubwa ya kuzuia hufanyika kabla bunduki haijafika getini: kabatini kwa mzazi, na kwenye sikio la mtu mzima ambaye mtoto anamwamini.

Kuhusu mume wako na hofu ya kunyang'anywa, mwambie hivi kwa upole. Haki ya mtu binafsi kuwa na silaha nyumbani kwa ajili ya kujilinda ilithibitishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2008, na mwaka 2022 ikapanuliwa hadi kubeba bastola nje ya nyumba. Hapa Tennessee, tangu Julai 1, 2021, mtu mzima anayestahiki anaweza kubeba bastola bila kibali chochote. Hakuna muswada wa jimbo unaoweza kuifuta haki hiyo ya Kikatiba, na wewe kutosaini karatasi hakuigusi. Kinachobishaniwa ni kidogo kuliko kelele zake. Baada ya Covenant, gavana Lee, ambaye ni wa chama cha Republican na mtetezi wa haki za silaha, aliliomba Bunge litunge utaratibu ambao jaji, baada ya kusikiliza ushahidi, angeweza kumwondolea silaha kwa muda mtu aliye hatari kwake mwenyewe au kwa wengine. Kikao maalumu cha Agosti 2023 kilimalizika bila sheria hiyo, na mwaka 2024 Bunge likazikataza kaunti na miji kujitungia ya kwao. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu, kwa majaji wanane dhidi ya mmoja, ilisema kwamba mtu ambaye mahakama imemkuta kuwa tishio la kweli kwa mwenzake anaweza kunyimwa silaha kwa muda bila Katiba kuvunjwa. Mtu anaweza kuipenda sana haki yake na bado akaunga mkono utaratibu wa namna hiyo. Anaweza pia kuupinga kwa hoja nzuri, kwa mfano kwamba mtuhumiwa apewe wakili mapema. Hiyo ni hoja ya mashauriano, na haimhitaji mtu kumwita mkewe msaliti.

Ningependa mume wako ayatazame kwa makini zaidi mambo ambayo karatasi ya kanisani haitamwambia. Kwanza, ruhusa ya jimbo ya kubeba bila kibali haimlindi dhidi ya sheria ya taifa inayokataza silaha ndani ya futi 1,000 za shule. Sheria hiyo humsamehe mwenye kibali kilichotolewa na jimbo. Asiye nacho anapaswa kuitoa risasi bastola na kuifungia kwenye chombo chenye kufuli. Baba anayepita kila asubuhi kumshusha mtoto akiwa na bastola kiunoni, akidhani sheria ya 2021 imemaliza kila kitu, yuko kwenye kosa la kitaifa bila kujua. Kama anataka kubeba, achukue kibali. Kwenye maegesho ya shule aiache garini bila kuigusa, asiingie nayo ndani, na asiiache humo usiku, kwani polisi wa Nashville wamekuwa wakitangaza mara kwa mara kwamba bunduki nyingi zinazoibwa jijini huibwa ndani ya magari.

Pili, kwa asiye raia jambo hili lina makali ya ziada. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kumiliki silaha, lakini akitiwa hatiani kwa kununua, kuuza, kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria anaweza kuondolewa nchini. Ndugu aliyekuja kwa viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, na "kumpeleka tu akajaribu shabaha" Jumamosi kunaweza kumponza yeye na aliyempa.

Tatu, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko muswada wowote: bastola hiyo imefungiwa wapi? Tennessee haina sheria ya jumla inayomlazimu mwenye silaha kuifungia nyumbani, lakini kutokuwapo kwa sheria hakumlindi mtoto. Huko Oxford, Michigan, ambako wanafunzi wanne waliuawa Novemba 2021, wazazi wote wawili wa kijana aliyeua walitiwa hatiani mwaka 2024 na kufungwa kati ya miaka 10 na 15, kwa sababu walimwachia bastola ilhali dalili walikuwa wamezionyeshwa. Kikao kile cha Agosti 2023, ambacho wengi waliondoka wakikilaani, kilipitisha jambo moja lenye manufaa kwako: makasha ya kufungia silaha yaliondolewa kodi ya mauzo, na Idara ya Usalama ya jimbo ikatakiwa kutoa kufuli za bure. Kufuli ya kawaida ni waya mnene wa chuma. Magazini hutolewa kwanza, risasi iliyobaki ndani hukaguliwa, kisha waya hupitishwa kwenye tundu la kutolea maganda hadi utokee pale magazini inapoingia, na bastola haiwezi tena kupokea risasi. Risasi zenyewe ziwekwe chumba kingine, na funguo isiwe kwenye droo ambayo mtoto wa darasa la nane anaijua. Nakuhakikishia anaijua.

Kuna sheria nyingine ya usalama wa shule ambayo inaweza kuigusa familia yako mapema kuliko hiyo ya walimu. Tangu Julai 2024, kutishia kufanya mauaji ya halaiki shuleni ni kosa zito la jinai hapa Tennessee, na sheria ya elimu inaitaka shule imfukuze kwa mwaka mmoja mwanafunzi ambaye tishio lake limechunguzwa na kuonekana kuwa la kweli, isipokuwa mkurugenzi aamue vingine. Upande wa shule unadai uchunguzi huo kwanza. Upande wa polisi hauusubiri. Mtoto aliyeandika kwenye kundi la simu "kesho msije" akifuatisha na kikaragosi cha kucheka anaweza kuchukuliwa kwa pingu jioni hiyohiyo. Kaa na mwanao umweleze mambo mawili: asiandike mzaha wa namna hiyo hata kwa rafiki, na akiuona umeandikwa na mwingine asiusambaze, amletee mtu mzima. Watoto wetu mara nyingi hawaelewi kwamba kusambaza "ili watu wajihadhari" nako kumewahi kuwaingiza wenzao matatani.

Ningekuwa mimi, ningempigia mwakilishi na seneta wangu nikasema nakubaliana na nini na nasita wapi, bila kuukumbatia wala kuutupa muswada wote. Kwa mfano: "Ninaishi katika eneo lako na nina watoto wawili katika shule za umma. Naomba namba ya muswada huu na marekebisho yake. Naunga mkono fedha za washauri wa wanafunzi na timu za kutathmini vitisho, na naunga mkono vioo imara vya milangoni. Naomba pia wazazi wajulishwe shule inaporuhusu wafanyakazi wenye silaha. Je, wewe utapiga kura vipi?" Dakika mbili zinatosha. Kama Kiingereza kinakupa shida, andika barua fupi. Usiongeze "mimi ni mpiga kura wako". Usiwadharau pia wabunge kwa kudhani kwamba sauti moja haisikiki: miswada mingi hufia kwenye kamati ndogo ya watu wachache, katika vyumba vya jengo la Cordell Hull katikati ya jiji, na huko simu kadhaa kutoka eneo la mjumbe mmoja huwa na uzito ambao hazitakuwa nao siku ya kura ya mwisho. Watu wetu husubiri hadi jambo litoke kwenye televisheni, na likifika huko mara nyingi limekwisha kuamuliwa.

Kwa shule, omba miadi na mkuu wa shule badala ya kutegemea ninayokwambia mimi kwa barua. Muulize kama shule ina polisi wake kila siku, kama milango ya nje hukaguliwa, na nani yuko kwenye timu ya kutathmini vitisho. Mwaka 2023 jimbo lilitenga dola milioni 140 ili kila shule ya umma iweze kuwa na polisi wa shule, na sheria ya mwaka huohuo inataka milango ya nje ifungwe wakati wanafunzi wamo, kwa hiyo hayo si maswali ya kuomba hisani. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukupatia mkalimani bila malipo. Usikubali mwanao awe mkalimani wa mazungumzo kuhusu risasi.

Mwanao naye anahitaji mtu wa ana kwa ana. Kijana asiyelala vizuri kwa majuma mengi baada ya tukio kama lile aonane na daktari wa watoto na mshauri wa shule, hata kama mchana anacheka na kula. Akianza kuzungumza habari za kujiumiza, piga 988, namba ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, saa yoyote na uombe mkalimani wa Kiswahili, na siku hiyohiyo bastola itoke nyumbani kabisa, ikahifadhiwe mahali pengine kihalali. Tishio la papo hapo ni la 911. Wakili wa uhamiaji mtafute kama mume wako amewahi kukamatwa kwa jambo lolote linalohusu silaha, kama kuna karatasi yoyote mliyokwisha kuisaini kama raia, au kabla ya kupeleka fomu ya uraia ikiwa mna shaka; hayo yanahitaji mtu atakayeona nyaraka zenu mezani.

Karatasi ile mrudishie aliyekugawia, kwa heshima, ukimwomba namba ya muswada. Akikupa, nitumie pamoja na marekebisho yake, nami nitakusomea kifungu kwa kifungu.